Dawa ikidondoka chini, inakwenda wapi?

(Mazungumzo na wakulima wa korosho, Newala)

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Leo tunaifuata dawa ya wadudu inayodondoka udongoni, jinsi inavyopanda kwa mzizi mpaka kwenye jani, na mfano wangu ni chai. Mmoja wenu kaniuliza pale mlangoni: chai inatuhusu nini sisi wa Newala? Jibu ni mbu. Huyu mbu wa mikorosho, si yule wa malaria bali mdudu anayefyonza mimea na kuwakaushia machipukizi, ana ndugu zake Mufindi na Rungwe, na kule wanafyonza chai. Wadudu ndugu hupigwa kwa dawa zinazofanana.

Sasa tazameni chupa hizi mbili. Nimezikata vitako, nimezigeuza, midomo nimeifunga kitambaa. Hii ina mchanga wa hapahapa uwandani kwenu. Hii ina udongo mweusi wa jalalani, majani yaliyooza matupu. Namimina maji yenye wino. Mnaona? Mchanga umeyaachia na rangi yake. Ule mweusi umeyatoa yamefifia. Uozo wa majani ndio unaoishika dawa. Mchanga hauna cha kushikia.

Lakini dawa nazo hazina tabia moja. DDT, ile dawa ya wadudu ya zamani, haipatani na maji: lita nzima haiyeyushi hata sehemu ya mia ya miligramu. Inapenda mafuta, hung'ang'ania udongo miaka na miaka, na ikifika kwenye mzizi huishia zaidi kwenye ganda. (Jamii ya maboga ni wabishi, wao huivuta mpaka juu.) Imidakloprid, nayo dawa ya wadudu, ni kinyume chake: lita moja huyeyusha miligramu 600 hivi. Mzizi ukinywa maji, umeinywa na yenyewe.

Ikishapanda? Nyie mmeona mashamba ya chumvi kule pwani. Maji ya bahari yanaingia, jua linayachukua, chumvi inabaki. Jani ni hivyohivyo: maji yanatoka kwa mvuke, dawa inabaki. Tunda halitoi mvuke mwingi, kwa hiyo hupata kidogo kuliko jani. Na kwenye chai tunachokula ni jani! Tena haioshwi: inachumwa, inanyaushwa, inasagwa, inakaushwa. Maji ya kwanza kuigusa ni yale yanayochemka jikoni kwako. DDT ikiwamo, nyingi hubaki kwenye makapi. Imidakloprid inashuka kikombeni. Ndiyo maana wanunuzi wa Ulaya ni wakali. Dawa isiyowekewa kiwango chake maalumu, mwisho wao ni miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu 10 ndani ya tani 1,000.

Mama pale nyuma anauliza kama kisamvu cha chini ya mkorosho nacho kinavuta dawa. Swali zuri kuliko yangu yote. Salfa, ule unga mnaopulizia mikorosho kwa ukungu, isikutishe kwa upande huo. Kosa lake ni jingine, vijidudu vya udongoni huigeuza tindikali na ardhi inachachuka mwaka hadi mwaka. Dawa ya maji ya kuulia mbu ndiyo ya kuuliza, kwa sababu kisamvu nacho ni jani, na mchanga wako umeuona kwenye chupa. Mimi nisingechuma hapo msimu wa kupulizia.

Na mnapomaliza kupulizia, bomba mnalisuuzia wapi? Naona mnatazamana. Pale karibu na simtanki, kila siku palepale, siyo? Basi tutoke, twende tukapaone. Mwenye jembe alichukue, tuchimbe tuone udongo wake ni wa chupa ipi.