Kuridhika Sio Ushahidi wa Haki

Asanteni sana, asante mwenyekiti. Naomba niingie moja kwa moja maana tumechelewa kuanza na najua wengine mna maswali. Wale mlioshawahi kunisikia mtanivumilia, leo narudia jambo nililolisema mara nyingi na ntaendelea kulisema kwa sababu bado kila wiki naletewa ofisini kwangu kana kwamba halijawahi kusemwa. Jambo lenyewe ni hili: mtu akikwambia ameridhika, huo sio ushahidi kwamba ametendewa haki. Inawezekana ametendewa haki, inawezekana pia amezoea tu.

Nalisikia kila upande. Mwajiri anasema wafanyakazi wangu wa kike wana raha, hawajawahi kulalamika. Mume anasema mwenzangu anapenda mwenyewe kufanya, hakuna aliyemlazimisha. Na mke mwenyewe naye anasema mi sina shida, nimeshazoea. Sasa hili neno nimezoea, jamani, sisi tunaofanya kazi ya saikolojia tukilisikia tunatakiwa tukae vizuri kwenye kiti, sio tufunge faili. Nalisema hili nikiwa najua uzito wake, maana mwanzoni mwa kazi yangu nilifunga mafaili mengi kwa sababu ya neno hilo. Nauliza umeridhika? Naambiwa ndiyo. Basi, tumemaliza. Leo najua nilikuwa nauliza swali lisilo sahihi.

Aliyenifungua macho ni Faye Crosby, mwanasaikolojia wa Marekani. Kitabu chake kilitoka 1982, na mimi nimekirudia tena mwaka huu, ndo maana kiko kichwani. Huyu mama alikwenda Newton, mji ulioko pembeni ya Boston kule Marekani, akahoji watu wanaofanya kazi, wanawake na wanaume, kazi za hadhi ya juu na za hadhi ya chini. Mishahara akailinganisha. Wanawake walikuwa wanalipwa pungufu kuliko wanaume wenye kazi za kiwango kilekile, hilo halikumshangaza mtu. Kilichomshangaza ni kwamba alipowauliza kuhusu kazi zao, wanawake walikuwa wameridhika sawasawa tu na wanaume. Halafu akauliza swali la pili: je, wanawake kwa ujumla wanaonewa makazini? Wakamjibu ndiyo, wanaonewa, na wengine inawauma kweli. Je, wewe binafsi? Hapana, mimi hapana.

Hebu kaeni na hilo kidogo. Wanawake wanaonewa, ila sio mimi. Ukimuuliza wa pili, wanaonewa, ila sio mimi. Wa tatu hivyohivyo. Sasa huyo anayeonewa yuko wapi? Tumezunguka mji mzima hatujamkuta, kila mlango tunaambiwa yuko nyumba ya jirani. Hesabu haikubali! Na hawa hawakuwa wajinga wala waoga, ni watu wenye akili zao. Crosby alieleza kwamba mtu mmoja akijiangalia peke yake hana cha kujipimia. Mshahara wangu mdogo una maelezo yake: nilianza kazi nimechelewa, nilichukua likizo ya uzazi, sikusoma kozi ile, bosi wangu kwa kweli ni mtu mwema. Kila mmoja ana maelezo yake na kila maelezo peke yake yanaingia akilini. Mpaka uyaweke yote kwenye meza moja ndo unaona yameelemea upande mmoja. Na kuna jambo lingine alilolisema, ambalo mimi naliona kila siku: ukikubali kwamba wewe umeonewa, lazima yupo aliyekuonea, na huyo unakaa naye, unamsalimia asubuhi. Ni gharama kubwa hiyo. Rahisi kusema sio mimi.

Najua hapa yupo anayesema moyoni, lakini si ndivyo walivyo, wanawake hawana tamaa ya pesa, wanatafuta mambo mengine kazini, mahusiano na nini. Nimeisikia hiyo mpaka basi. Ngoja niwape jaribio la mwanasaikolojia Brenda Major na wenzake, la 1984. Waliwaita watu wafanye kazi fulani, halafu wakawaambia jilipeni wenyewe kiasi mnachoona ni haki yenu. Wanawake wakajilipa pungufu. Haya, ukiishia hapo utasema umeona, ndivyo walivyo. Lakini washiriki wengine walikuwa wameoneshwa kwanza orodha ya kile waliowatangulia walijilipa. Mara tu watu walipojua wengine wamechukua ngapi, ile tofauti kati ya wanaume na wanawake ikapotea. Tabia ya kuzaliwa haifutiki kwa kuoneshwa karatasi! Kilichokuwa kinakosekana ni taarifa. Sehemu ya pili ya utafiti waligeuza: pesa ni hizi hapa, kiasi kilekile kwa wote, wewe fanya kazi kiasi unachoona kinalingana nazo. Wanawake wakafanya muda mrefu zaidi, wakafanya nyingi zaidi, na kwa usahihi zaidi, halafu walipoulizwa wanaionaje kazi yao hawakujipa alama za juu kuliko wanaume. Yaani mtu anatoa zaidi na haoni kama ametoa zaidi. Huyo ukimuuliza umeridhika atakwambia ndiyo, na hakudanganyi.

Kwa hiyo mtu anayewaambia wafanyakazi wake wasiulizane mishahara kwa sababu italeta chuki, mimi namuelewa anachokilinda. Analinda ile karatasi isionekane.

Sasa hapa huwa napingwa, na napingwa na watu ninaowaheshimu, kwa hiyo naomba nijibu vizuri. Wanasema wewe unakwenda kuwaharibia watu amani. Alikuwa na furaha yake, umemuonesha wenzake wanapata nini, sasa hana furaha na mshahara ni uleule, umemsaidia nini? Na wanaleta wale kima, kila mtu siku hizi anawajua, wale wa aina ya kapuchini kwenye jaribio la watafiti Sarah Brosnan na Frans de Waal la 2003. Kima anampa mtafiti kijiwe, anapewa kipande cha tango, anakula, hana neno. Mwenzake wa pembeni kwa kijiwe kilekile anapewa zabibu. Basi tango lilelile lililokuwa tamu sasa halitaki, mara nyingine analirusha kabisa. Wanasema unaona? Kulinganisha ndo kumemnyima chakula.

Mimi wale kima nawaangalia tofauti. (Kwanza mabishano kuhusu maana ya lile jaribio yapo mpaka leo, kuna wanaosema kima anataka tu zabibu aliyoiona, habari za haki hazijui, kwa hiyo tusiwabebeshe falsafa.) Lakini tuchukue kama lilivyo. Nani aliyekosea pale? Kima aliyeangalia pembeni au anayegawa? Mbona lawama yote tunampa aliyeangalia? Ile amani ya kabla ya kuangalia ilikuwa inalipiwa na mtu mmoja tu, mwingine anakula zabibu bure. Na ofisini kwangu sijawahi kuona mtu ambaye kutokujua kulimponya. Nimeona wanaokuja na uchovu usioeleweka, usingizi haupo, hasira zinatoka kwa watoto, ukimuuliza tatizo ni nini anasema sijui, maisha yangu ni mazuri, sina sababu ya kulalamika. Mwili unakuwa umeshajua hesabu ambayo kichwa bado kinaikataa. Mtu kama huyo ukimwambia shukuru ulichonacho unamuongezea mzigo, maana sasa anajiona pia hana shukrani.

Tuje nyumbani, na hapa ntakaa kidogo maana hapa ndo penye kelele. Wanandoa wakija kwangu wanagombana kuhusu kazi za nyumbani, na wanagombana kweli, huwa nawapa kila mmoja karatasi. Andika kazi moja moja, pembeni weka asilimia ngapi unafanya wewe. Wasioneshane. Halafu tunajumlisha. Inazidi mia moja. Karibu kila mara inazidi. Hili sio langu, ni la wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly, 1979, walilifanya na wanandoa jozi 37 wakakuta hivyohivyo. Na raha yake ni kwamba sio majivuno tu, maana hata kwenye mambo mabaya kama kuanzisha ugomvi, watu walijipa sehemu kubwa, ingawa sio kwa kiasi kilekile. Sababu ni kumbukumbu. Nilichofanya mimi nilikuwepo. Ulichofanya wewe, nusu yake nilikuwa nimelala au nimetoka.

Wanaume wakisikia hapo wanafurahi sana, wanasema si unaona daktari, wote tunatia chumvi, basi tugawane lawama nusu kwa nusu. Taratibu. Kama wote mnatia chumvi haina maana wote mnafanya sawa. Ndo maana nina karatasi ya pili. Hii ya pili siulizi nani anafanya, nauliza nani anakumbuka. Viatu vya mtoto vimeanza kumbana, nani alijua? Dawa inaisha lini? Mwalimu wake anaitwa nani? Mgonjwa wa ukoo ambaye hajapigiwa simu wiki hii ni nani? Na nguo, sio kuifua, kujua kwamba kesho inahitajika na leo iko chafu. Kuna mwanaume mmoja, muungwana kabisa, anapika, anaosha vyombo, hana ubaguzi wowote, alikaa na ile karatasi muda mrefu sana kisha akasema mimi nafanya kila kitu ninachoambiwa. Akanyamaza. Mke wake akaanza kulia, na hakuwa amekasirika, alilia kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mwingine amekitaja kile kitu bila yeye kukisema. Kuambiwa! Yaani mmoja ni mfanyakazi mzuri na mwingine ni mfanyakazi na msimamizi na kalenda, saa 24. Hiyo kazi ya kukumbuka haina sauti, haionekani ikifanyika, inaonekana siku imesahaulika, na hapo anayeulizwa ni mmoja, kila mtu ndani ya nyumba anajua ni nani.

Msiniambie zungumzeni tu mtaelewana. Wanazungumza. Tatizo ni kwamba yule aliyechoka ndo anayepewa tena kazi ya kuanzisha mazungumzo, kuchagua maneno, kuhakikisha mwenzake hajisikii vibaya.

Muda unakwenda, nigusie nilichokuwa nasoma. Katrine Marçal, mwandishi wa Uswidi, aliuliza swali moja ambalo wachumi walilipita: nani alimpikia Adam Smith? Yule anayeitwa baba wa elimu ya uchumi, aliyeandika mwaka 1776 kwamba chakula chetu cha jioni hatukipati kwa huruma ya muuza nyama bali kwa sababu muuza nyama anatafuta maslahi yake. Sawa kabisa, lakini nyama haijipeleki sahanini. Smith hakuoa, aliishi na mama yake karibu maisha yake yote, na binamu yake Janet Douglas ndo alikuwa anasimamia nyumba. Kwenye hesabu yake ya utajiri wa mataifa hawamo. Na hawamo mpaka leo, pato la taifa halihesabu kazi hiyo. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2018 lilikadiria kwamba kazi ya malezi na nyumba isiyolipwa ni saa bilioni 16.4 kila siku duniani, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Robo tatu!

Mwingine ni Claudia Goldin, mshindi wa Nobeli ya uchumi 2023. Huyu nampenda kwa sababu hatafuti mtu mbaya wa kumlaumu. Anasema kuna kazi zenye ulafi, zinalipa sana yule anayeweza kupatikana usiku, wikiendi, wakati wowote, na ukifanya saa mara mbili unalipwa zaidi ya mara mbili. Wenzi wawili wenye shahada sawa wakipata mtoto, mmoja anakwenda na kazi lafi, mwingine anabaki karibu na simu ya shule. Hesabu ya familia inakubali kabisa, kila mtu ameridhika, na miaka kumi baadaye pengo limekuwa kubwa. Ndo lilelile nililoanza nalo! Kule Denmark watafiti walifuatilia kipato kabla na baada ya mtoto wa kwanza: cha mama kinashuka na kwa muda mrefu kinabaki chini kwa takriban asilimia 20, cha baba mstari unanyooka kama hakikutokea kitu. Na Goldin anaonesha kwamba hili linabadilika kazi ikipangwa upya, mfano wake ni wafamasia wa Marekani, mmoja anaweza kushika zamu ya mwingine bila mteja kupata hasara, na pengo lao ni dogo kuliko taaluma nyingi.

Nilitaka kusema pia habari za wanaume, kuna wanaopoteza kazi wakaona wamepoteza na uanaume wao, hilo linahitaji siku yake, sitalibana kwenye dakika mbili. Na mwanasaikolojia Melvin Lerner na ile imani aliyoichunguza kwamba dunia inalipa kila mtu stahili yake, naiacha.

Ila Iceland siiachi. Tarehe 24 Oktoba 1975, karibu asilimia 90 ya wanawake wa nchi ile waliacha kazi siku moja, ya ofisini na ya nyumbani. Kina baba wakabeba watoto kwenda nao kazini, shule nyingi na viwanda vikasimama. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa. Mimi ninachokifikiria kila nikiisoma ile habari ni jana yake, tarehe 23. Ungezunguka nchi nzima na dodoso lako ukiwauliza wale wanawake mmoja mmoja, ungesikia wangapi wanakwambia sina shida, nimezoea?

Mwenyekiti nimeona kikaratasi chako. Yule mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu kwenye habari za kima, naomba apewe kipaza sauti yeye kwanza.