Alpini, walinzi wa mlimani waliotangulia kufia Adwa

ZUHURA: Haya karibuni tena wasikilizaji wetu, leo kaka Kassim kaingia studio na kofia ina unyoya mmoja mrefu pembeni, mi nkajua anaenda ngomani.

KASSIM: Dada niheshimu bana! Hii kofia ya Alpini, askari wa mlimani wa Italia. Askari wa kawaida unyoya wake wa kunguru, ofisa wa tai, kuanzia meja kwenda juu mweupe, wa bata bukini.

ZUHURA: Kwahiyo cheo unakisoma kichwani. Walianzaje?

KASSIM: 1872. Italia ndo kwanza imeungana, mpaka wa kaskazini ni milima mitupu, ng'ambo kuna Ufaransa na Austria, na plani ya jeshi ilikuwa kumsubiri adui kule chini tambarare. Kapteni mmoja, Giuseppe Perrucchetti, akaandika kwamba hapana, chukueni vijana wa mabonde yaleyale walinde mabonde yao, maana njia za mbuzi wanazijua hata gizani. Oktoba mwaka huohuo zikaundwa kompania 15, kufika 1882 ni regimenti 6.

ZUHURA: Hapo mtu analinda kwa mama yake kabisa.

KASSIM: Sasa sikia kituko, vita yao kubwa ya kwanza wamepigania wapi? Ethiopia! Adwa, tarehe 1 Machi 1896.

ZUHURA: Weee! Watu wa barafu?

KASSIM: Wakapakiwa melini, wakaenda kuchukua nchi ya watu. Jeshi la Menelik, mfalme wa Ethiopia, likawasambaratisha, mpaka kamanda wa batalioni yao, Davide Menini, akafia hukohuko.

ZUHURA: Na Adwa nayo si milima tu?

KASSIM: Milima ndio, ila za kule njia za mbuzi wanazijua Wahabeshi.

ZUHURA: Aisee. Haya, na kwao kwenye milima ya Alps hawakupigana?

KASSIM: Walipigana sana, 1915 mpaka 1918, na Waaustria, juu kwenye theluji, maporomoko ya theluji yenyewe yakiua watu kama risasi tu. Kwenye mlima Adamello walikuwa na mzinga wa milimita 149, likitu lizito hilo, 1916 wakalifungua vipandevipande wakalipakia kwenye sleji, watu wanavuta kamba kwenye barafu, mwaka uliofuata wakalipandisha tena mpaka zaidi ya mita 3,200. Jina walilolipa sasa, Ippopotamo.

ZUHURA: Kiboko?!

KASSIM: Kiboko, juu ya mlima wa theluji. Na mpaka leo yupo palepale, nani amshushe?

ZUHURA: Hahaha! Mizigo mingine je?

KASSIM: Nyumbu. Siyo wa Serengeti jamani, hawa mama farasi baba punda. Walitumika mpaka 1993, wa mwisho wakapigwa mnada, na kuna Alpini wastaafu waliwanunua wasiende buchani.