Theluji inayeyuka Bavaria, natafuta mboga za porini, na nina ombi kwa watu wa Moshi

Haya jamani mambo vipi, wazee wangu shikamooni, mama zangu wa Kiborloni na Mbuyuni, na nyie wadogo zangu mnaoniangalia usiku mkiwa mmelala na simu usoni, karibuni sana. Leo nipo Garmisch, jimbo la Bavaria, kusini kabisa mwa Ujerumani, ukivuka hii milima nyuma yangu unaingia Austria, na tuko katikati ya Machi. Huko najua mnatazama mawingu mkisubiri masika, au labda imeshaanza kunyesha, huku ndo baridi inaanza kuachia ardhi. Angalieni huu upande unaotazama kusini, jua linapiga, majani ya mwaka jana yamekauka mpaka yanalia ukiyakanyaga, alafu nikigeuza kamera upande ule unaotazama kaskazini theluji bado ipo ya magotini. Bonde moja hili hili. Mimi kipindi hiki nakipenda kuliko Julai yao ambayo kila mtu anakuja, maana sasa hivi kila siku kuna kitu kipya kimetoka chini na ukilala kimekupita.

Sasa nilichofuata huku ndo hiki hapa. Ngoja nishushe kamera. Majani haya yametanda chini ya miti yote mpaka kule mtoni, na ungekuwa hapa na mimi ungesikia harufu ya kitunguu saumu kabla hujaona jani hata moja. Wenyewe wanaita Bärlauch, ni ukoo mmoja na kitunguu saumu na kitunguu maji, unachuma jani unakula bichi, unakatia kwenye mayai, kwenye viazi, kwenye supu, na wenyeji wanayasubiri kwa hamu kwasababu ni kati ya mboga za kwanza kabisa kutoka baada ya miezi mingi ya kila kitu kuwa kahawia.

Mtu atauliza kwanini yatoke Machi wakati theluji iko hapo juu tu, si yangesubiri joto? Inueni macho muangalie miti. Hii mikubwa yenye gome laini inaitwa Buche, imepukutisha majani tangu mwaka jana na mpaka sasa iko mitupu, kwahiyo jua linashuka moja kwa moja mpaka chini. Ikifika Mei matawi yatakuwa yamejaa, huku chini patakuwa na giza, kwahiyo haka kajani kana wiki chache tu za kupata mwanga, kutoa ua jeupe, kuzaa mbegu na kuweka akiba kwenye kitunguu chake ardhini. Baada ya hapo kananyauka, ukija Julai huoni hata dalili. Yani kuna mmea ambao maisha yake yote ya juu ya ardhi yanaingia kwenye hiki kinafasi kati ya theluji kuondoka na miti kuvaa, na mimi nikisimama hapa naona ni jambo kubwa kweli, sio dogo.

Ila hapa nisikilizeni vizuri, hasa nyie mnaokuja huku masomoni mkaona video ya mtu anachuma chuma tu. Kuna mimea miwili inafanana na huu na yote ni sumu. Mmoja ni Maiglöckchen, unavuruga moyo. Mwingine ni Herbstzeitlose, huo una kolchisini, ambayo kwa kipimo kidogo madaktari wanatibia gauti lakini kula majani yake kunaua, na ubaya wake dalili hazianzi hapohapo, zinakuja masaa kadhaa baadae, kutapika, kuharisha, alafu viungo vya ndani vinaanza kugoma, na hakuna dawa maalumu ya kuifuta mwilini. Huku watu wanapata madhara kwa kuchanganya. Sasa angalieni tofauti. Bärlauch kila jani lina kikonyo chake chembamba kinachotoka ardhini peke yake, hiki hapa, na chini ya jani hapang'ai. Maiglöckchen majani mawili yanatoka kwenye shina moja. Herbstzeitlose haina kikonyo kabisa, majani mazito yanatoka pamoja kutoka chini. Na harufu peke yake usiiamini, kwasababu ukishachuma jani la kwanza vidole vyako vinanuka kitunguu saumu, kuanzia hapo kila utakachoshika kitanuka hivohivo. Ndo maana wanaojua wanachuma jani mojamoja kwa mkono, wanaligeuza, wanalitazama, hakuna mtu anakuja na panga kufyeka.

Mimi haya nilifundishwa na bibi mmoja jirani yangu, Mbavaria wa hapahapa, hana maneno mengi, aliniwekea majani matatu mezani akaniambia nimuonyeshe lipi linaua. Na mwenzenu pale pale nikamkumbuka bibi yangu kule Uru, Moshi, mvua zikianza mnafu unaota wenyewe kihambani, yani kwenye shamba letu la migomba la nyumbani, hakuna aliyepanda, anatutuma tukachume, tukirudi anamwaga lile fungu lote kwenye ungo anapitia jani kwa jani, anatoa yale yasiyotakiwa bila hata kusema kitu. Mnanaha unaota palepale penye rutuba, kwenye jalala la samadi, na mnanaha ni sumu, bibi hakuwahi kusoma botania lakini hakuna siku tulikula mnanaha kwenye ile nyumba.

Nitarudi kwenye hilo. Ngoja kwanza niwajibu wale wa picha maana meseji zenu zimejaa.

Mnaouliza mbona picha za theluji zinatoka kijivu, hata mkiona zangu za mwanzo mwanzo huku. Kamera, iwe ya simu iwe kubwa, inapopima mwanga inadhani kila kitu mbele yake ni cha wastani, sio cheupe sana sio cheusi sana, kwahiyo ukiielekeza kwenye weupe mtupu inapunguza mwanga, theluji inakuwa kama jivu. Wewe unaiongezea. Kwenye simu gusa theluji kwenye skrini alafu kale kajua kanakotokea pembeni kavute juu kidogo, kwenye kamera ongeza eksposha, yani mwanga, stopu moja, saa nyingine mpaka mbili. Betri weka mfuko wa ndani karibu na mwili maana baridi inaimaliza, na ukirudi nyumba ina joto usiitoe kamera kwenye begi hapohapo, iache ndani ya begi ipate joto la nyumba taratibu, la sivyo lenzi inavaa ukungu wa maji. Hayo tu, mengine mtajifunza wenyewe.

Lakini la mwanga nataka niliseme kwa watu wa Moshi kwasababu linawahusu moja kwa moja. Huku mwezi wa tatu saa sita mchana jua halijafika hata nusu ya njia ya kwenda utosini, linapiga kwa pembeni siku nzima, kila kijani kina kivuli chake, kila unyoya wa ua unaonekana, kwahiyo unaweza ukapiga picha mchana na ikatoka nzuri. Moshi Machi saa sita jua liko utosini kabisa, vivuli vinajificha chini ya vitu, uso wa mtu unakuwa na mashimo ya giza machoni, ua zuri linaonekana bapa. Hapo sio simu yako mbaya, ni saa uliyochagua. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Na mlima nao uko hivo, asubuhi Kibo, kile kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko wazi, jua likishapasha ile miteremko hewa yenye unyevu wa msituni inapanda, inapoa, inakuwa wingu, ikifika saa nne mlima haupo. Na msiogope masika. Mvua ikikatika usiku alfajiri unaiona Kibo imevaa theluji mpya mpaka chini, wageni wanalipia kuja Agosti na wala hawaioni hivo.

Haya tupande kidogo. Hapa misonobari imeachana, udongo mkavu, na hivi vichaka vya maua ya waridi vinavyofika kwenye kifundo cha mguu vinaitwa Erica, vinachanua theluji ikiwa bado iko pembeni. Watu wa Marangu na Machame, mliobeba mizigo ya wageni, ukoo huu mnaujua. Ukimaliza msitu wa mvua ukaanza kuingia kule kwenye baridi, ile miti yenye majani madogomadogo kama nywele inayoning'iniza ndevu za kijivu, ile nayo ni Erica. Huku inaishia kwenye kiatu changu, kwetu inakuwa mti unaokuzidi wewe na mzigo wako kichwani. Mimi nilipoambiwa hilo nilikaa chini hapahapa kwenye hili jiwe.

Na kile kilele kule kushoto ndo Zugspitze, mita 2,962, mrefu kuliko yote Ujerumani, Kilimanjaro ni 5,895 kwahiyo ni kama mara mbili yake. Ujerumani nzima zilikuwa zinahesabiwa barafu tano za kudumu za milimani, tatu zikiwa hapo Zugspitze, na mwaka 2022 wanasayansi wa hapa Bavaria walisema ile ya kusini, Schneeferner ya kusini, haihesabiki tena kama barafu ya mlima, imebaki kipande kisichotembea. Na sisi tunajua ya kwetu. Barafu ya Kilimanjaro iliyokuwepo mwaka 1912, kufika 2007 asilimia kama 85 ilikuwa imeondoka. Lakini hebu jiulize hiyo 1912 imetoka wapi. Imetoka kwenye picha. Mwaka huo Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuwa juu ya mlima wetu, ndo hao waliofika kilele cha Mawenzi kwanza, na Klute akapiga picha za kupimia, kutokana na zile picha ikachorwa ramani, na mpaka leo anayetaka kujua barafu imepungua kiasi gani anaanza na hiyo ramani. Bila zile picha tungekuwa tunasema tu zamani ilikuwa kubwa, wazee wanakumbuka, basi.

Sasa ndo narudi kwa bibi na ungo wake. Barafu ina picha. Kila mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA anapiga picha ya barafu, kila sisi tukienda likizo tunapiga Kibo tukiwa juu ya paa la nyumba. Yale majani ambayo mikono ya bibi ilikuwa inayajua kwenye ule ungo hayana picha hata moja, na mwenye mikono hiyo tumeshamzika. Mimi najua mnafu, najua mchunga, basi, kulikuwa na majani mengine alikuwa anachuma pembeni ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji, baada ya mvua ya kwanza, machachu kidogo, anachanganya na ndizi, mimi sijui ni nini na mama yangu mdogo nae hana uhakika. Hilo linaniuma kuliko barafu, nasema kweli. Barafu hatuwezi kuizuia tukiwa Moshi peke yetu, hii tunaweza.

Huku mambo ya kuchuma porini hawayachukulii kirahisi. Katiba ya Bavaria ya mwaka 1946, ibara ya 141, inasema wazi kila mtu ana haki ya kufurahia uzuri wa mandhari, kutembea msituni na kuchuma matunda ya porini kwa kiasi cha kawaida cha mahali hapo. Iko kwenye katiba, na vita ilikuwa ndo imeisha, watu wana njaa. Sisi msitu wa juu ni hifadhi ya taifa ya Kilimanjaro, KINAPA, na usiende kuchuma kule. Ila kwetu mboga za kuokota hazikuwa za msituni sana, zilikuwa chini ya migomba, chini ya mringaringa, kingo za mfongo, na kihamba ni cha kwenu. FAO wenyewe, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, hapohapo Uru, kama urithi wa kilimo wa dunia, mwaka 2011. Ila kihamba kikishakatwa viwanja ukapandwa ukuta na pevingi, zile mboga hazina pa kuota.

Kwahiyo ombi langu ni hili na nina maana yake. Wiki ambayo mvua inaanza, nenda kwa bibi, kwa mama mkubwa, kwa meku, yani mzee, yeyote jirani, muulize anachuma nini kinachoota chenyewe. Piga picha mmea mzima ukiwa umesimama ardhini, alafu juu ya jani, chini ya jani, pale jani linapoungana na shina, na ua kama lipo, weka na sarafu pembeni watu waone ukubwa. Piga asubuhi, kivulini, usitumie flashi. Alafu washa video umuache mzee aongee lugha yake, asitafsiri, aseme anautofautishaje na ule mbaya, anaupika na nini, muda gani, na nani hatakiwi kuula. Hicho cha mwisho usikisahau, wanajua, mama mjamzito asile hiki, mtoto asile kile. Na wewe usionje kitu kwa kukiona kwenye picha, hata picha yangu, kula ulichowekewa mkononi na anayekijua.

Mkituma nitaziweka zote kwenye video moja na jina la kijiji, sio sehemu kamili, maana ikijulikana sehemu kamili watakuja watu wa kung'oa na mizizi. Wa Old Moshi, Kibosho, Rombo, Machame, kila upande una vyake. Na ukipata yale machachu ya pembeni ya mfongo, yanayokwenda na ndizi, nitumie hata saa nane ya usiku, nitaamka.