Kilo 40 za Nyama ya Twiga

(Mhadhara kwa waandishi wa riwaya za upelelezi, Arusha)

Nimeshasema na nitarudia, mnaocheka huko nyuma chekeni: acheni bahasha ya kaki chini ya meza! Polisi mla rushwa wa riwaya zetu ana bahasha, ana baa, ana mvua ya usiku. Msomaji anamjua ukurasa wa pili, mpelelezi wenu anamjua ukurasa wa mia mbili.

Chukueni kitu kinachooza. Tuseme mtu kakamatwa na kilo 40 za nyama ya twiga. Hati ya ukamataji inajazwa palepale, anaweka dole gumba. Kituoni mzigo unafungwa lebo, fomu ya polisi PF 145, unaingia kwenye rejesta ya vielelezo, PF 16. Afisa wanyamapori anaitambua nyama na kuandika thamani yake. Mpaka hapo kesi ni nzima. Lakini nyama haingoji tarehe ya kesi. Kesho yake nzi wamejaa. Kwa hiyo inajazwa hati ya inventori, ile ya kuombea kielelezo kinachooza kiteketezwe, nyama inapelekwa kwa hakimu, hakimu anaamuru iteketezwe. Na mtuhumiwa lazima awepo mbele ya huyo hakimu, asikilizwe. Imo kwenye PGO 229, yaani kanuni za kazi za Jeshi la Polisi, na Mahakama ya Rufani imeshikilia hivyo: inventori iliyopatikana bila mtuhumiwa kusikilizwa haimfungi mtu.

Sasa polisi aliyekula hela ya mtuhumiwa ana haja gani ya kuiba nyama? Anamwacha mtuhumiwa lokapu, basi. Anakwenda kwa hakimu yeye na mfuko wake. Nyama inateketezwa. Siku ya kesi wakili anasimama, anauliza swali moja, kielelezo kinatupwa. Kituoni watasema kijana alisahau. Kusahau kunalipa vizuri, na hakuna kamera inayokunasa ukisahau.

Kuna mtu ameinua kidole: hakimu haoni kwamba hakuna mtu mbele yake? Anaona. Ila kachoka, na hati aliyoletewa ina dole gumba. La nani? Hapo ndipo riwaya yako inapoanza, ndugu yangu. Mpelelezi wako mwadilifu, hata akiwa koplo tu, afungue kitabu cha mahabusu. Anayetolewa lokapu huandikiwa saa ya kutoka na saa ya kurudi. Hati inasema saa 4 asubuhi mtu alikuwa mahakamani. Kitabu kinasema hajatoka tangu jana yake. Akirudi kesho yake, ukurasa umechanwa. Lakini kitabu kilichoshonwa kwa uzi kina usumbufu wake: ukichana karatasi moja, pacha wake upande wa pili wa mshono analegea. Mwacheni koplo aguse karatasi iliyolegea, amalize sura.

"Wasomaji wanataka risasi!" Haya, wapeni moja.

Naonyeshwa saa. Vyeo, harakaharaka: mkaguzi yuko chini ya mrakibu, msiwapindue. Wakuu wa upelelezi: OC-CID ni wa wilaya, RCO ni wa mkoa. Mtego wa TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa: namba za noti za mtego huandikwa kabla hazijatoka ofisini, kwa hiyo adui yako akizimeza, orodha bado ipo. Trafiki wa barabara ya Namanga nilitaka kumgusa, lakini huyo kila abiria ana riwaya yake.

Maswali. Wewe wa kofia. Lakini kama ni habari ya bahasha, keti.