Ingekuwaje kama Alexander asingekuwepo Aegae?

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Makedonia, mji wa Aegae, mwaka 336 KK. Mfalme Philip wa Pili anamwoza binti yake Cleopatra kwa mfalme wa Epirus. Uwanja wa maonyesho umejaa tangu alfajiri. Zinapitishwa sanamu 12 za miungu, na ya 13 ni ya Philip mwenyewe. Kisha anaingia kwa miguu, amevaa joho jeupe, na walinzi amewaamuru wakae mbali naye.

ZUHURA: Wageni walitoka kila pembe ya Ugiriki, akataka wamwone kuwa hahitaji kulindwa. Ndipo Pausanias wa Orestis, mmoja wa walinzi haohao, akamchoma kisu cha mbavu. Alikimbilia farasi waliokuwa wakimngoja langoni, mguu ukanasa kwenye mzabibu, akauawa papo hapo.

BARAKA: Kisa chake?

ZUHURA: Alifanyiwa unyama kwenye karamu ya Attalus, bwana mkubwa wa jeshi. Akamlilia mfalme, mfalme hakumwadhibu Attalus, kwa sababu alikuwa amemwoa binti wa ukoo huo. Hata Aristotle, aliyewafahamu watu wa jumba lile, anakitaja kifo cha Philip kama mfano wa mtu kulipiza alichotendewa.

BARAKA: Sasa dada Zuhura, wapenzi wa historia wakijiuliza "ingekuwaje", wengi humwacha Philip aishi.

ZUHURA: Mimi namwacha afe vilevile. Nabadilisha jambo moja tu: siku ile mwanawe Alexander, yule aliyekuja kuitwa Mkuu, hayupo mjini.

BARAKA: Na hilo liliwezekana?

ZUHURA: Sana! Mwaka mmoja nyuma, kwenye harusi ya Philip na mke mpya, Attalus aliomba mbele ya watu miungu iwape Wamakedonia mrithi halali. Alexander akamrushia kikombe. Philip akachomoa upanga amwendee mwanawe, akaanguka kwa ulevi. Alexander akampeleka mama yake, Olympias, kwao Epirus, yeye akaenda Illyria. Aliyewapatanisha ni Demaratus wa Korintho, rafiki wa familia. Mtoe Demaratus, Alexander anabaki ng'ambo ya milima. Harusi ya Aegae ingekuwepo tu, tena ingehitajika zaidi, maana Philip alitaka kumshika shemeji yake, huyo mfalme wa Epirus na kaka yake Olympias, asije akawa upande wa dada yake.

BARAKA: Kwa hiyo damu ya mfalme iko chini, na mwana hayupo.

ZUHURA: Na Makedonia haikuwa na sheria ya urithi. Uwe wa ukoo wa kifalme, wa Argead, jeshi likushangilie, basi. Kilichomwokoa Alexander ni kwamba alikuwa hatua chache tu kutoka kwa baba yake. Antipater, mmoja wa wakuu wa Philip, akamtoa mbele ya askari mara moja. Mume wa binti yake Antipater, Alexander mwingine, wa Lyncestis, akavaa dirii akamsindikiza hadi ikulu, ndiyo maana alinusurika wakati ndugu zake wawili wanauawa kwa tuhuma za kushiriki njama. Sasa niambie, Antipater atamtoa nani mbele kama kijana yuko Illyria?

BARAKA: Amyntas, mwana wa Perdiccas.

ZUHURA: Naam. Baba yake alikuwa mfalme kabla ya Philip. Alipitwa na kiti kwa sababu ya utoto. Sasa ni mtu mzima, na mkewe Cynane ni binti wa Philip. Alexander mwenyewe alijua uzito wake, ndiyo maana hakumwacha hai.

BARAKA: Lakini Amyntas hatumjui kwa vita hata moja. Thebes ingeasi. Athens nako Demosthenes, msemaji aliyempinga Philip, alitoka amevaa shada la maua kushangilia, na binti yake alikuwa amefariki siku 7 tu zilizopita.

ZUHURA: Angemtegemea Parmenion, jenerali wa Philip, ambaye tayari alikuwa Asia pamoja na Attalus, na askari wapatao 10,000.

BARAKA: Na Attalus alikuwa amemwoa binti yake Parmenion. Katika historia halisi Parmenion alikubali Attalus auawe kwa amri ya Alexander. Kwa Amyntas asingekuwa na sababu ya kukubali. Hapo mimi naona nchi inaendeshwa na majenerali, mfalme ni jina. Tena Parmenion ndiye anayesimuliwa kuwa, Darius, mfalme wa Uajemi, alipojitolea kumpa Alexander ardhi hadi mto Frati, alishauri wakubali. Mtu wa namna hiyo angeridhika na miji ya pwani ya Asia, Uajemi ukabaki.

ZUHURA: Hapo tuko pamoja kabisa.

BARAKA: Je, Alexander asingerudi na jeshi la Illyria?

ZUHURA: Hilo lingemwangamiza, kaka. Mwaka 359 KK Waillyria walimuua Perdiccas, baba yake Amyntas, pamoja na Wamakedonia 4,000. Wajane na mayatima wa siku ile walikuwa bado hai. Uje na mikuki ya Illyria kumwondoa mwana wa Perdiccas? Hakuna kikosi kingekushangilia.

BARAKA: Basi aende wapi? Ana miaka 20.

ZUHURA: Kwa mjomba wake, Epirus. Na huyu mjomba, miaka michache baadaye, aliitwa na mji wa Tarentum, akavuka bahari kupigana Italia. Alipiga hatua kubwa, akafanya hata mapatano na Roma, kisha akauawa huko.

BARAKA: Kwa hiyo Alexander angevuka naye.

ZUHURA: Kijana aliyeongoza shambulio katika vita vya Chaeronea akiwa na miaka 18, hana nchi, na mjomba anahitaji kamanda. Naamini angevuka. Na Roma ya wakati ule ilikuwa bado inahangaika na majirani zake.