Lango la Wagonjwa: Kinachowaelemea Madaktari wa Familia

MUSA: Karibuni. Leo tunaongelea lango la wagonjwa, ile akaunti ya mtandaoni ambamo mgonjwa anasoma majibu ya vipimo, anaomba dawa anazoendelea nazo na kumwandikia daktari. Dada Rehema, madaktari wa familia wanalalamikia nini hasa?

REHEMA: Si wagonjwa kusoma wanachoandika, kaka. Hofu hiyo ilipimwa mapema. Mwaka 2010, katika mradi wa OpenNotes huko Marekani, madaktari zaidi ya 100 wa huduma ya msingi walikubali wagonjwa wasome maandishi yao. Wengi walidhani watafurikiwa na maswali. Hayakufurika, na mwaka ulipokwisha hakuna aliyetaka kufunga. Kinachowaelemea leo ni ujumbe.

MUSA: Lakini si mistari mitatu tu?

REHEMA: Haya, chukua huu: "Dokta, dawa ya presha inanikoholesha, niache?" Unafungua faili, unakuta anatumia enalapril, na kikohozi kikavu kinajulikana kwa dawa za jamii hiyo. Kabla ya kumbadilishia losartan, dawa nyingine ya presha, unatazama figo na potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu. Kama ni mwanamke, unauliza kuhusu ujauzito. Unaandika dawa mpya, unamwambia lini arudi kupimwa presha. Hiyo ni kazi ya miadi nzima, ila haina nafasi kwenye ratiba, basi inafanywa usiku.

MUSA: Na kuna ujumbe ambao haukupaswa kumfikia daktari kabisa.

REHEMA: Ndipo kliniki zinapokosea, kila kitu kinamwangukia yeye. Uingie kwenye sanduku la pamoja, mtu wa zamu aupange: miadi kwa mapokezi, dawa za kuendelea kwa mfamasia, kidonda kwa muuguzi. Halafu ukurasa wa kuandikia uulize kwanza: una maumivu ya kifua, unapumua kwa shida, upande mmoja wa mwili umelegea? Akijibu ndiyo, sehemu ya kuandika isifunguke, itokee namba ya dharura. La sivyo ataandika Jumamosi usiku, asomwe Jumatatu.

MUSA: Tuje kwenye majibu. Marekani, tangu Aprili 2021, kanuni zinakataza kuyazuia bila sababu halali, kwa hiyo mara nyingi mgonjwa anayaona kabla ya daktari.

REHEMA: Na namba ikitoka nje ya kiwango cha kawaida inawekwa rangi nyekundu, na wekundu huo kwenye skrini unatisha! Viwango vya kawaida huwekwa vichukue asilimia 95 ya watu wenye afya. Pima vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ni kama asilimia 64. Mtu haumwi chochote, ana namba nyekundu tu.

MUSA: Potasiamu je?

REHEMA: Hiyo ndiyo balaa. Damu ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu iliyomo ndani. Skrini inaonyesha 6.2, mgonjwa anasoma mtandaoni kwamba moyo unaweza kusimama. Maabara imeandika chini kwamba sampuli iliharibika, lakini nani anafika huko chini? Tena huwezi kuipuuza, huenda ni ya kweli. Inarudiwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kabla ya kutoa damu mgonjwa aambiwe majibu yatatoka lini, namba ipi inaweza kuwa nyekundu bila shida, na nani atampigia ikiwa kuna shida.

MUSA: Bado wale wanaoingia kwa niaba ya mgonjwa. Mzazi wa kijana, mume, mke.

REHEMA: Kijana anakuja kwa jambo la siri, daktari anaficha maandishi ya siku ile, anadhani amemaliza. Kumbe orodha ya dawa bado ina vidonge vya uzazi wa mpango, miadi inataja jina la kliniki, na arifa imeshaingia kwenye simu ya mama. Ingia kwa akaunti ya majaribio ya mzazi, ukague yote manne: maandishi, dawa, miadi, arifa. Na mgonjwa aulizwe akiwa peke yake ni nani mwingine anayejua nywila yake.