Walipoikata Kamba: Barabara Zilipita, Sisi Watunza Wazee Tukabaki

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu hamjambo. Nimepaki nje ya nyumba ya bibi ninayemhudumia hapa Columbus, Ohio. Zamu yangu inaanza saa nne usiku, kwa hiyo tuna muda kidogo. Leo namjibu kaka mmoja wa Morogoro aliyeniuliza: "Dada, mwaka 2021 chama cha Biden kilikuwa na Ikulu, kina Seneti, kina Baraza la Wawakilishi. Ilikuwaje kikagombana chenyewe kwa chenyewe mwaka mzima juu ya miswada yake?"

Kaka, nimelifikiria swali lako tangu juzi, maana mswada mmoja kati ya ile ulihusu kazi hii hii ninayoingia kuifanya sasa hivi.

Tuanzie Pittsburgh, mwendo wa kama saa tatu kwa gari kutoka hapa nilipo. Tarehe 31 Machi 2021 Biden alisimama pale akatangaza mpango mmoja. Ndani yake mlikuwa na barabara, madaraja, mabomba ya maji ya risasi yang'olewe, intaneti ifike vijijini. Na humo humo, dola bilioni 400 za kuwahudumia wazee na walemavu majumbani kwao. Nilikuwa jikoni napika, nikairudisha nyuma ile hotuba nikasikiliza tena. Sikuwahi kumsikia kiongozi akiweka kumwogesha mzee na kumgeuza kitandani katika fungu moja na daraja. Lakini hoja ilikuwa ya kweli kabisa. Barabara inamfikisha mtu kazini. Na mimi namfikisha mtu kazini, kwa sababu binti wa bibi huyu nisipokuja, haendi popote.

Sasa Seneti ilikuwa nusu kwa nusu: 50 upande wa Wademokrat, chama cha Biden, na 50 wa Warepublican. Warepublican wakasema barabara sawa, hayo ya kulea wazee na watoto hatuyataki. Mpango ukapasuliwa. Mswada wa miundombinu ukawa wa dola trilioni 1.2, ndani yake bilioni 550 zikiwa fedha mpya. Tarehe 10 Agosti ukapita Seneti kwa kura 69 kwa 30, Warepublican 19 wakiwemo, hata kiongozi wao Mitch McConnell. Sisi tukahamishiwa kwenye mswada wa pili, ule wa huduma za jamii, uliopangiwa mpaka dola trilioni 3.5: malezi ya watoto, shule ya awali kuanzia miaka mitatu, likizo yenye malipo, mazingira, na wazee wetu.

Ule wa pili haukuwa na Mrepublican hata mmoja. Ungepita tu kwa utaratibu maalumu wa bajeti, ambao ulihitaji kura zote 50 za upande wa Wademokrat pamoja na ya Makamu wa Rais wa wakati ule, Kamala Harris. Akikataa mmoja, basi. Hapo ndipo mlipowasikia maseneta wawili wa Kidemokrat waliokuwa wanasita: Joe Manchin wa West Virginia, jimbo jirani yetu ng'ambo ya mto Ohio, na Kyrsten Sinema wa Arizona.

Ugomvi wenyewe, kaka, ulikuwa kipi kitangulie. Nyumbani wengi waliniambia huo ni ubishi wa kitoto. Sikubaliani. Kutangulia ndiko kulikokuwa kila kitu. Pramila Jayapal aliongoza kundi la wabunge karibu 100 wa mrengo wa kushoto, na hesabu yao ilikuwa wazi: mswada wa barabara una marafiki pande zote, wa jamii hauna. Basi ifungwe kwa kamba moja, wenye nguvu umvute mwenzake. Wabunge 9 wa msimamo wa kati, wakiongozwa na Josh Gottheimer wa New Jersey, wakasema hapana, barabara ziko tayari, tuzipitishe leo. Spika Nancy Pelosi aliweza kupoteza kura 3 tu za chama chake, kwa hiyo kila kundi lilikuwa na uwezo wa kuzuia. Akaahidi kura Septemba 27. Siku ikapita bila kura. Septemba 30 nayo ikapita hivyo hivyo. Oktoba 1 Biden akaenda mwenyewe bungeni kuwaona wabunge wake. Waliodhani angeamuru barabara zipitishwe walishangaa. Aliwaambia iwe dakika sita, siku sita au wiki sita, hili litafanyika.

Najua mnataka kuniuliza kwa nini chama hakikumfukuza Manchin. Kwetu Tanzania mbunge akipoteza uanachama wa chama kilichomdhamini, Katiba inasema ubunge umekwisha. (Mtaniandikia kuhusu wale 19 wa viti maalumu wa Chadema, waliofukuzwa chama wakabaki bungeni. Najua, na ndiyo maana lile suala lilikwenda mahakamani.) Kamati ya wabunge wa chama ikikaa, mbunge anajua gharama ya kupinga. Huku, kiti ni cha mtu na wapiga kura wake. Hakuna kikao cha kumkata jina, anapita kwenye kura za mchujo za wananchi. Na West Virginia mwaka 2020 ilimpa Trump karibu asilimia 69. Ungemtisha Manchin kwa nini? Kuwaudhi wakubwa wa chama kwake ilikuwa mtaji.

Novemba 2 Wademokrat wakapoteza ugavana wa Virginia. Hofu ikaingia. Siku tatu baadaye, Ijumaa tarehe 5, wakajifungia kutwa nzima. Aliyewapatanisha ni mbunge wetu wa hapa Columbus, Joyce Beatty, aliyekuwa mwenyekiti wa kundi la wabunge weusi. Wabunge 5 wa msimamo wa kati wakatia saini kwamba wataupigia kura mswada wa jamii wakishaona hesabu za wataalamu wa bajeti, na Jayapal akakubali kuiachia kamba. Karibu na usiku wa manane barabara zikapita, 228 kwa 206. Warepublican 13 walisema ndiyo. Wademokrat 6 walisema hapana, mmoja wao Ilhan Omar, yule mzaliwa wa Somalia aliyeishi miaka minne kambini karibu na Mombasa.

Nitasema ukweli wangu. Usiku ule niliwakasirikia wale sita. Niliona wanachelewesha heri. Walichokuwa wanasema ni kwamba barabara zikitoka, hakuna kitakachomlazimisha yeyote kuwarudia wazee na watoto.

Wale 5 walitimiza ahadi. Tarehe 19 Novemba mswada wa jamii ukapita Baraza la Wawakilishi, 220 kwa 213. Fungu letu la bilioni 400 lilikuwa limeshashuka hadi 150. Nikasema sawa, hata hizo. Mwezi mmoja baadaye, Jumapili tarehe 19 Desemba, Manchin akatokea kwenye runinga akasema hawezi kuupigia kura. Sababu alizotoa ni deni la taifa na bei kupanda, na bei kweli zilikuwa zimepanda kwa asilimia 6.8 kwa mwaka, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1982. Sokoni hata mimi nilikuwa naona.

Lakini mswada ule ndio uliokuwa umebeba pia kuendelea kwa fedha za watoto. Kuanzia Julai serikali ilikuwa inaingiza kila mwezi hadi dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na 250 kwa mkubwa. Mimi nina wawili, mmoja wa kila fungu, ikawa 550. Nililipia chekechea, nikaacha zamu za Jumapili, nikawa nakaa na wanangu. Tarehe 15 Desemba ikaingia mara ya mwisho. Tarehe 15 Januari nilifungua simu alfajiri, nikaifunga, nikampigia msimamizi wangu kuomba Jumapili zirudi. Mwaka 2021 umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2, kwa kipimo kinachohesabu na misaada ya serikali. Mwaka 2022 ukawa 12.4. Zaidi ya mara mbili, ndani ya mwaka mmoja.

Wala sizidharau barabara. Tarehe 28 Januari 2022, siku Biden anakwenda Pittsburgh kuzungumzia miundombinu, daraja la Fern Hollow la mji huo huo lilianguka alfajiri, na basi likiwa juu yake. Mungu alisaidia hakufa mtu. Huku Ohio, daraja la Brent Spence pale Cincinnati limepata zaidi ya dola bilioni 1.6. Zilihitajika.

Agosti 2022 Manchin alikubali mswada mdogo zaidi, Harris akapiga kura ya 51. Ulikuwa na mazingira, dawa, insulini isizidi dola 35 kwa mwezi kwa wazee wenye bima ya serikali. Fungu la kutunza wazee majumbani: sifuri. Kutoka 400, hadi 150, hadi sifuri.

Wapo wanaosema hata kamba ingeshikiliwa, Manchin asingetikisika na barabara nazo zingekufa. Huenda. Mimi naamini wale sita waliona mbali kuliko mimi, na wawili wao, Cori Bush na Jamaal Bowman, walipopoteza kura za mchujo 2024 kura ile ya barabara ilitumika dhidi yao kwenye matangazo. Manchin na Sinema walikihama chama, na mwaka 2024 hawakugombea tena.

Bibi anachoma insulini kila siku, na zile dola 35 zimemwokoa, nashukuru kwa hilo. Mlango umefunguliwa. Binti yake ametoka na funguo za gari mkononi, amesimama barazani, anasubiri niingie ndipo aende kazini.